Kusaga prazikwanteli hadi nanomita: mwongozo wa benchi kwa dawa zisizokubali maji

Mtu wa kilo 60 anayetibiwa kichocho hupewa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake. Jumla ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Mililita moja ya maji huyeyusha kama miligramu 0.4 ya dawa hii. Piga hesabu: ili dozi ya mtu mmoja iyeyuke yote kwenye maji matupu zinatakiwa lita 6. Mgonjwa anameza kwa kikombe kimoja.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tumezoea kuiona dawa hii siku za kingatiba: watoto wamepanga mstari, fimbo ya dozi, ile ya kupimia urefu wa mtoto ili kujua dozi yake, imeegemezwa ukutani, mwalimu anahakikisha kila mmoja amekula kwanza. Chakula hicho kina kazi ya kifamasia. Prazikwanteli huingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa na kitu, na kichefuchefu hupungua. Ndiyo maana nimeichukua iwe mfano wa mwongozo huu, ingawa hatua zenyewe zinafaa kwa dawa nyingi zenye tabia hiyo hiyo.

Nawaandikia wanafunzi wa famasia, mafundi sanifu wa maabara na wafamasia wanaoanza utafiti. Tunachotengeneza hapa ni sampuli ya kupimwa maabara. Usimpe mtu, wala usijipe mwenyewe. Siku ukifika kwenye majaribio ya binadamu utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Wafuate mapema, maana maswali yao yatakusaidia kupanga kazi.

Kwanza ujue dawa yako inakwama wapi

Dawa ya kumeza ina vizuizi viwili mbele yake. Lazima iyeyuke kwenye majimaji ya tumbo na utumbo, halafu ipenye ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Mwaka 1995 mtafiti wa famasia Gordon Amidon na wenzake waligawa dawa katika makundi manne kwa kutumia vizuizi hivyo viwili. Kundi la 2 ni dawa zinazopenya vizuri lakini haziyeyuki vya kutosha, na prazikwanteli imo humo. Kundi la 4 haziyeyuki na hazipenyi. Kipimo cha kuyeyuka ni rahisi kukumbuka: dozi kubwa ya dawa iweze kuyeyuka yote ndani ya mililita 250 za maji, kuanzia asidi ya tumbo hadi hali ya utumbo mwembamba. Prazikwanteli haikaribii hapo.

Chembe za nano, yaani vipande vya dawa vyenye kipenyo cha chini ya mikrometa moja (nanomita 1,000), zinaisaidia hasa dawa ya kundi la 2, pale ambapo kinachochelewesha ni kasi ya kuyeyuka. Dawa ya kundi la 4 unaweza kuisaga mwezi mzima, ikayeyuka vizuri, kisha ikabaki ndani ya utumbo bila kupenya.

Kabla ya kuwasha mashine, maliza njia nyepesi. Je, dawa inaweza kugeuzwa chumvi? Nyingi zenye asidi au besi huwezekana. Prazikwanteli haina sehemu ya molekuli inayoweza kubeba chaji, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Je, chakula kinatosha? Albendazoli ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara tano. Dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini tunawaambia wagonjwa wainywe na maziwa au chakula kwa sababu hiyo hiyo. Kama ushauri wa chakula unatatua tatizo na watu wanaweza kuufuata, usitengeneze kitu cha gharama.

Kwa nini udogo unasaidia

Nenda mwalo wa Kirumba, au mwalo wowote, asubuhi ya jua. Dagaa waliotandazwa wanakauka siku hiyo hiyo. Sangara mzima ukimlaza pembeni yao ataoza kabla hajakauka, ndiyo maana lazima apasuliwe. Maji hutokea kwenye uso wa samaki, na kilo moja ya dagaa ina uso mpana kuliko kilo moja ya sangara.

Kuyeyuka kunafuata hesabu ile ile. Wakemia Arthur Noyes na Willis Whitney waliiandika mwaka 1897, na baadaye wengine wakaiongezea eneo la uso: kasi ya kuyeyuka hupanda kadiri uso wa chembe unavyopanuka na kadiri tabaka la maji yaliyotulia kuizunguka linavyokuwa jembamba. Chukua gramu moja ya dawa yenye densiti ya gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Ikiwa chembe zake ni duara zenye kipenyo cha mikrometa 20, uso wote ni robo ya mita ya mraba, kama sinia la nusu mita kwa nusu mita. Zisage hadi nanomita 200, na gramu ile ile inakuwa na uso wa mita 25 za mraba: sebule ya mita tano kwa tano.

Hapa wengi wanakosea, nami naomba usome sentensi hii mara mbili. Kusaga hadi nanomita 200 kunaongeza sana *kasi* ya kuyeyuka. *Kiwango cha mwisho* kinachoweza kuyeyuka kinaongezeka kidogo tu. Zile lita 6 hazigeuki kuwa kikombe. Faida inapatikana kwa sababu utumbo unaendelea kuichukua dawa iliyoyeyuka, na chembe ndogo zinajaza pengo hilo haraka kuliko chembe kubwa.

Teknolojia hii tayari inatumika hospitalini. Vidonge vya Rapamune vyenye sirolimusi iliyosagwa kwa namna hii viliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na Emend yenye aprepitanti ikafuata mwaka 2003. Sindano ya kabotegraviri ya kukinga VVU, inayochomwa kila baada ya miezi miwili, nayo ni chembe za nano ndani ya maji. Huko lengo limegeuzwa: dawa ikae kwenye msuli na kuyeyuka taratibu.

Mambo mawili ambayo nano haitayatatua kwa prazikwanteli

Ini huvunja sehemu kubwa ya prazikwanteli inapopita mara ya kwanza kutoka utumboni. Hata ukiifanya iyeyuke yote, kiasi kikubwa kitaishia hapo. Usiahidi kwenye andiko lako la utafiti kwamba utapunguza dozi hadi robo kwa sababu tu grafu ya kuyeyuka imependeza.

La pili ni uchungu. Yeyote aliyewahi kusimamia kingatiba anaujua uso wa mtoto aliyetafuna kidonge hiki. Dawa huonjwa ikiwa imeyeyuka kwenye mate. Ukiifanya iyeyuke haraka, umeifanya iwe chungu haraka. Nitarudi kwenye hili mwishoni, kwa sababu kwa watoto wetu naona ndilo lenye uzito kuliko hata nanomita.

Kuna njia nyingine iliyofuatwa na watafiti. Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko nusu kwa nusu wa molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia. Mmoja ndio unaoua minyoo. Wa pili unaongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Aprazikwanteli, yenye ule mkono unaofanya kazi peke yake, imetengenezwa kama kidonge cha miligramu 150 cha kuyeyusha kwenye maji kwa ajili ya watoto wadogo, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa zilizohakikiwa mwaka 2024. Naitaja ili ujue kwamba tatizo moja linaweza kuwa na milango mingi, na nano ni mmojawapo.

Vifaa

Njia nitakayoeleza ni kusaga ndani ya maji kwa shanga. Naipendelea kuliko ile ya kuyeyusha dawa kwenye ethanoli au asetoni kisha kuimwaga ghafla kwenye maji. Njia hiyo ya pili ni ya haraka na haihitaji kinu, lakini inakuachia kazi ya kuondoa kimiminika kinachowaka moto, na chembe zake hupenda kukua usiku huo huo.

Utahitaji chupa ya kioo nene ya mililita 30 yenye mfuniko wa kukaza, kikorogeo cha sumaku chenye nguvu, sumaku yake, na shanga za zirkonia zenye kipenyo cha milimita 0.5. Usibadilishe shanga hizo kwa za kioo cha kawaida. Zinalika na vumbi lake linaingia kwenye dawa yako. Mizani isome miligramu. Tafuta pia chujio la nailoni la mikrometa 100 la kutenganishia shanga, na hadubini ya kawaida, ile ile inayotumika kutafutia mayai ya kichocho kwenye choo.

Maji yawe yaliyotoneshwa na kuchujwa. Maji ya bomba, hata yakionekana safi, yana kalsiamu na chumvi nyingine zinazopunguza chaji kwenye uso wa chembe na kuzifanya zigandane.

Hatua ya 1: chagua kidhibiti

Chembe ndogo zinataka kurudi kuwa kubwa. Kidhibiti ndicho kinachozizuia, kwa kujibandika kwenye uso wake. Kuna vidhibiti vya aina ya polima (molekuli ndefu kama nyuzi), kama HPMC, PVP na poloksama, ambavyo huzungushia kila chembe kitu kama manyoya ili zisigusane. Kuna vingine vinavyoipa chembe chaji, kama sodiamu laurili salfeti, ambayo ni aina ya sabuni, ili zisukumane. Mara nyingi mchanganyiko wa aina zote mbili ndio unaoshinda.

Hakuna kanuni ya kukuambia kipi kitaipenda dawa yako. Lazima ujaribu. Andaa vichupa vidogo sita, kila kimoja na kidhibiti chake, saga kiasi kidogo kwa saa 24, kisha viache mezani wiki nzima. Kinachobaki kama maziwa bila mashapo magumu chini ndicho cha kuendelea nacho. Wiki hiyo usiiruke.

Kwa dawa kama prazikwanteli, ambayo huyeyuka *kidogo* badala ya kutoyeyuka kabisa, kuwa mchoyo wa sabuni. Sodiamu laurili salfeti ikizidi asilimia 0.23 hivi kwenye maji, molekuli zake hujikusanya vifungu vinavyobeba dawa kutoka chembe ndogo kwenda kwenye kubwa. Unakuwa umewapa usafiri adui zako. Kaa chini sana ya kiwango hicho.

Hatua ya 2: andaa mchanganyiko

Kwa gramu 10 za saspensheni, yaani chembe za dawa zilizotawanyika kwenye maji bila kuyeyuka, mimi huanza na:

- prazikwanteli gramu 0.5
- HPMC ya mnato mdogo gramu 0.1
- sodiamu laurili salfeti gramu 0.005
- maji hadi kufikia gramu 10

Gramu 0.005 ni ngumu kupima kwa uhakika, kwa hiyo tengeneza kwanza mchuzi mkubwa wa vidhibiti, mililita 200, halafu uchote humo. HPMC haipendi maji baridi mwanzoni. Hufanya mabonge yenye unga mkavu ndani. Pasha theluthi moja ya maji hadi nyuzi 80 au 90, nyunyizia unga huku ukikoroga, kisha ongeza maji baridi yaliyobaki na uache ipoe mpaka iwe angavu. (Usingojee nyuzi 100. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi.) Sodiamu laurili salfeti iwe ya mwisho kuingia, ukikoroga polepole, vinginevyo utajaza povu.

Unga wa prazikwanteli ukimwagwa juu ya mchuzi huo utaelea. Fanya kama unavyofanya na unga wa uji: weka dawa kwenye chupa, tia matone machache ya mchuzi, ponda kwa kijiti cha kioo mpaka upate rojo laini, ndipo umimine uliobaki.

Vaa barakoa na glavu unapopima unga mkavu. Ukishalowa hauruki tena, na hilo nalo ni jambo ninalolipenda kwenye njia hii.

Hatua ya 3: saga

Tia shanga zenye ujazo wa mililita 10 hivi, ambazo zitakuwa na uzito wa karibu gramu 36. Chupa ya mililita 30 itajaa zaidi kidogo ya nusu, na ndivyo inavyotakiwa. Ikijaa mno shanga hazigongani. Ikiwa tupu mno zinazunguka bila kusaga.

Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya baridi juu ya kikorogeo. Msuguano unazalisha joto, joto linaongeza kuyeyuka, na kilichoyeyuka kitarudi kuwa fuwele kubwa chupa ikipoa. Badilisha maji ya bakuli yanapopata uvuguvugu. Anza mwendo mdogo, pandisha taratibu mpaka shanga zote zinacheza na hakuna zilizolala pembeni.

Chota tone baada ya saa 1, 2, 4, 8 na 24. Kila tone lipime na liandike. Mwanzoni ukubwa hushuka haraka, baadaye polepole, mwishowe husimama. Vipimo viwili vikifuatana bila tofauti, zima. Kuendelea kusaga baada ya hapo hakupunguzi chembe; kunaingiza vumbi la shanga kwenye dawa na kuiumiza fuwele.

Umeme ukikatika katikati, usimwage. Shanga zitalala na dawa itakaa juu yake kama tope. Umeme ukirudi, tikisa chupa kwa mkono mpaka kila kitu kitawanyike, washa tena, na uandike kwenye daftari saa iliyokatika na saa iliyorudi. Nimeona matokeo mazuri yakikosa thamani kwa sababu mtu aliandika "saa 24" wakati kinu kilisimama usiku mzima.

Ukimaliza, mimina yote juu ya chujio la nailoni. Osha shanga kwa mililita moja au mbili za mchuzi wa vidhibiti. Maji ya kuoshea vyombo yakusanye kwenye dumu lenye lebo yapelekwe kuteketezwa. Usiyamwage kwenye sinki. Mji huu uko kwenye miteremko, na kinachomwagwa juu kinaelekea ziwani.

Hatua ya 4: pima ukubwa bila kujidanganya

Saspensheni nzuri inaonekana kama maziwa yaliyotiwa maji, na ukiishika kwenye mwanga pembeni ina wekundu au ubuluu kidogo. Hiyo ni dalili tu.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa mashine inayorusha mwanga wa leza na kusoma jinsi chembe zinavyotikisika. Utapewa namba mbili: kipenyo cha wastani, na namba inayoonyesha kama chembe zinalingana. Hii ya pili ikiwa chini ya 0.3 umefanya vizuri. Mashine inataka sampuli iliyozimuliwa sana, na hapo ndipo prazikwanteli inapokutega. Ukiizimua kwa maji matupu, chembe ndogo zinayeyuka zote ndani ya kichupa na mashine inasoma kubwa zilizobaki. Andaa siku moja kabla maji yaliyokwisha kushiba dawa: koroga prazikwanteli ya ziada kwenye mchuzi wa vidhibiti usiku kucha, chuja kwa chujio la mikrometa 0.1, na utumie hayo kuzimulia.

Kama mashine hiyo haipo karibu nawe, hadubini bado ina kazi kubwa. Yai la kichocho cha tumbo lina urefu wa mikrometa 140 hivi. Chembe ya nanomita 200 ni ndogo kuliko hilo mara 700, hutaiona kama umbo. Lakini hadubini inaonyesha zile ambazo *hazikutakiwa* kuwepo. Weka tone, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Ukiona sindano ndefu zinazong'aa, saspensheni imeanza kuharibika, hata kama wastani wa mashine bado ni mzuri.

Chupa yangu ya kwanza ilinifundisha hivyo. Jioni ilikuwa laini kama maziwa. Nikaiacha dirishani, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Nilipoingia saa nne, chini kulikuwa na weupe usiotikisika, na kwenye hadubini sindano zilikuwa zimejaa eneo lote kama majani makavu. Joto liliyeyusha ndogo, kivuli kikazirudisha kwenye kubwa. Tangu siku hiyo chupa zangu zinakaa kwenye friji, na kila sampuli inatazamwa kwa hadubini siku ya 1, ya 7, ya 14, ya 30 na ya 90.

Kitu kingine cha kukagua ni fuwele yenyewe. Kusaga kunaweza kubadilisha mpangilio wa molekuli, na prazikwanteli inajulikana kuwa na zaidi ya umbo moja la fuwele. Peleka kiasi kidogo kilichokaushwa kwenye kipimo cha eksirei za fuwele na ulinganishe na unga wa mwanzo. Kama mistari imehama, una dawa yenye tabia nyingine, na lazima useme hivyo.

Hatua ya 5: kipimo cha kuyeyuka

Kifaa ni kile cha kasia: chombo cha mililita 900, nyuzi 37, mizunguko 50 kwa dakika. Utaratibu wa Marekani wa kukagua vidonge vya prazikwanteli hutumia asidi hidrokloriki yenye sodiamu laurili salfeti miligramu 2 kwa kila mililita. Unafaa kukagua ubora kiwandani. Haufai kulinganisha nano na unga wa kawaida, kwa sababu sabuni hiyo inaibeba dawa yote na tofauti inafichika.

Ukiondoa sabuni, kumbuka hesabu: mililita 900 mara 0.4 ni miligramu 360. Kidonge kizima cha 600 hakiwezi kuisha humo hata kikikaa wiki. Tumia sampuli yenye miligramu 60, kwa unga wa kawaida na kwa nano, na hapo maji hayatashiba. Chota dakika ya 2, 5, 10, 15, 30 na 60. Dakika za mwanzo ndizo zenye habari.

Sasa chujio. Kijana niliyekuwa namwelekeza alikuja siku moja na grafu iliyopanda hadi asilimia 100 kwenye dakika ya pili. Alikuwa na furaha, na mimi nilitamani kufurahi naye. Nikamuuliza alichuja kwa chujio gani. Akasema la mikrometa 0.45, kama tunavyofanya siku zote. Mikrometa 0.45 ni nanomita 450. Chembe zake zilikuwa nusu ya hapo. Zilipita zote bila kuyeyuka, zikaingia kwenye kimiminika cha kupimia ambacho kina ethanoli, zikayeyukia humo, na mashine ikazihesabu kuwa ziliyeyuka ndani ya chombo cha jaribio. Alikuwa anahesabu dagaa kwa wavu wa sangara. Tulirudia kwa chujio la mikrometa 0.02. Mstari ukashuka, na bado ulikuwa juu ya unga wa kawaida. Hiyo ndiyo grafu aliyoitetea.

Tumia 0.1 au pungufu. Kabla ya kuanza, pitisha saspensheni yako iliyozimuliwa kwa maji yaliyoshiba kwenye chujio hilo na uangalie kwa mwanga kama kinachotoka ni angavu. Halafu pitisha mchuzi wa dawa iliyoyeyuka unaoujua kiasi chake, uhakikishe chujio lenyewe haliinywi dawa.

Hatua ya 6: igeuze kuwa kitu kinachobebeka

Saspensheni ya asilimia 5 yenye dozi ya miligramu 600 ni mililita 12, na inataka friji. Kwa zahanati ya kisiwani Ukerewe hilo ni gumu. Lazima ikaushwe.

Kukausha kwa kugandisha ndiyo njia ya vitabuni: ongeza manitoli au trehalosi kiasi kinacholingana na dawa au zaidi, gandisha haraka, kausha. Sukari hiyo inakaa katikati ya chembe zisishikane barafu inapozisukuma. Mashine ni ghali na inakula umeme muda mrefu. Kama huna, tumia saspensheni kama maji ya kukandia: mimina kidogo kidogo kwenye laktosi na selulosi ya unga, kanda, pitisha kwenye chekecheke, kausha kwenye oveni ya nyuzi 40, chekecha tena. Kwa dozi kubwa kama hizi utahitaji kurudi hatua ya 2 na kupandisha dawa hadi asilimia 20, na vidhibiti vipande navyo, ili usikande sinia zima kwa mtoto mmoja.

Jaribio la ukaushaji ni moja: rudisha chembechembe kwenye maji yaliyoshiba, tikisa kwa mkono nusu dakika, pima ukubwa. Gawanya kwa ukubwa wa kabla ya kukausha. Ukipata karibu na 1, zimerudi. Ukipata 3 au 4, zimeshikana na umepoteza kazi ya siku zote hizo. Ongeza manitoli, rudia.

Na ule uchungu. Chembechembe zikishakauka, zivike polima ya aina ya methakrilati inayokataa kuyeyuka kwenye mate na kukubali kwenye asidi ya tumbo. Usionje. Weka dozi kwenye mililita 10 za maji yenye pH 6.8, tikisa taratibu sekunde 30, chuja, pima kiasi kilichoyeyuka. Hapa unatafuta namba ndogo kadiri inavyowezekana. Kisha chukua sampuli nyingine kutoka chupa hiyo hiyo, iweke kwenye asidi ya nyuzi 37, na utazame kama inayeyuka haraka kama ilivyokuwa kabla ya kuvikwa. Majaribio haya mawili yafanye siku moja na yaandike ukurasa mmoja, kwa sababu kila unachoongeza upande wa kwanza unaweza kukilipia upande wa pili.